Jitambulishe Kwanza kwa Mgonjwa

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa wa plastiki. Alilala kwenye chumba cha mazoezi cha chuo, macho wazi, miguu ya rangi mbili kwa sababu mmoja ulitolewa kwa mwenzake aliyekwisha kustaafu, na alikuwa na adabu kuliko wagonjwa wote niliokutana nao baadaye. Hakulalamika kwamba mikono yangu ni ya baridi. Hakuomba maji ya kunywa katikati ya kazi. Hakuwa na ndugu mlangoni. Nilimwogesha kuanzia usoni hadi vidole vya miguu, nikamkausha, nikamfunika, nikakunja pembe za shuka zikakaa kama bahasha, halafu mkufunzi akaniambia nimefeli.

"Hukujitambulisha kwa mgonjwa," alisema.

Nikamtazama mgonjwa. Sikio la upande wangu lilikuwa limeng'oka zamani, likabaki tundu.

"Huyu, mwalimu?"

"Huyu ndiye mgonjwa wako. Hukumsalimia, hukumwambia wewe ni nani, hukumweleza unataka kumfanya nini, hukuomba ridhaa yake. Umemvua nguo kama unamenya ndizi."

Hapo alinipata, kwa sababu kwenye ndizi ndiko nilikotoka. Kabla ya chuo niliuza ndizi na maharage pale Nyaishozi, kwenye meza ya shangazi yangu, barabarani. Kazi yangu ilikuwa kubishana na wanunuzi wa malori, watu ambao huutazama mkungu mzuri kama vile umewatukana. Nilihesabu mikungu ikiwa chini, nikaihesabu tena ikiwa juu ya gari, maana mikungu ikipanda gari ina tabia ya kupungua. Hakuna siku mnunuzi alinifelisha kwa kutomsalimia mkungu.

Shangazi ndiye aliyekuwa ananisomesha. Ni Mlutheri wa benchi la mbele, mpole sana siku ya Jumapili. Nilipompigia simu kumwambia kwamba nimeanguka jaribio la kumwogesha mgonjwa kitandani, aliuliza kama mgonjwa amekufa. Nikamwambia hapana, ni sanamu.

"Mwanangu," alisema, "umeanguka kwa kuogesha sanamu."

"Nitarudia, shangazi. Tunapewa nafasi moja ya kurudia, wodini, kwa mgonjwa wa kweli."

"Na ukianguka tena?"

"Narudia mwaka."

"Hapana. Mimi mwaka wa kwanza naulipia mara moja. Sijawahi kununua mkungu uleule mara mbili. Meza yako ipo, na mwavuli nimeshona."

Kwa hiyo ilikuwa wazi. Ama nimwogeshe mtu mmoja mzima mbele ya mkufunzi bila kosa, ama nirudi chini ya ule mwavuli.

Siwezi kusema kwamba wengine walinitia moyo. Unapoanza uuguzi, kila unayemjua anakuwa na swali. Jirani zetu waliniuliza nitakuwa daktari lini, kana kwamba uuguzi ni kituo ambacho gari linasimama kidogo kupakia. Baba mmoja wa kanisani alinifungulia kinywa njiani nimtazame jino. Binamu yangu alitaka kujua sindano tunajifunzia kwa nani, na nilipomwambia tunajifunzia kwa godoro na chungwa, akaapa kwamba akiugua atapelekwa Bukoba.

Mimi swali langu lilikuwa moja na hakuna aliyelijibu. Darasani tulitajiwa mifupa yote, hata ile midogo ya sikioni ambayo sidhani kama mwenyewe anajua anayo. Lakini utazame wapi mtu mzima, wa umri wa babu yako, anapovuliwa shati mbele yako? Hilo halikuwa kwenye kitabu. Kwenye kitabu mgonjwa hupewa faragha, basi, na ukurasa unaofuata ni wa figo.

Wiki ya kwanza wodini nilipata jibu la nusu, nalo kwa kugombezwa. Kwetu mtoto wa kike akimsalimia mkubwa hupiga magoti, na magoti yangu yamezoea hivyo tangu utotoni, hayasubiri amri. Nikaingia wodi ya wanaume na gauni langu jipya, nikafika kitanda cha kwanza, nikajikuta chini. Sista wa wodi alinitazama kama mtu aliyeona kuku mezani.

"Inuka. Unajua sakafu hiyo imemwagikiwa nini tangu asubuhi?"

Sikujua, na namshukuru hakunitajia. Kuanzia siku ile nikawa nakunja magoti kidogo bila kugusa chini, kitu ambacho si salamu wala si uuguzi. Wazee wa wodini walikipokea kama mtu anayepokea chenji pungufu: wanaiona, hawasemi, ila wanakumbuka.

Siku ya kurudia jaribio ikafika. Mkufunzi alikuwa mtu wa Iringa, mrefu, mwenye kalamu ya kubonyeza aliyoibonyeza kila alipoona kosa. Alinichagulia mgonjwa mwenyewe: mzee kutoka Songambele, Kyerwa, aliyevunjika mguu akiangusha mkungu kwenye shamba lake la ndizi. Mguu ulikuwa kwenye plasta hadi pajani. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani, na mkufunzi hakuhitaji kunieleza kwa nini amemchagua yeye. Ukikaribia ulijua. Tangu aingie wodini alikuwa hajaoga ila uso na mikono.

Hospitali zetu zina mpango mzuri sana kuhusu jambo hilo: mgonjwa huogeshwa na ndugu zake. Mzee huyu wanawe wa kiume walikuja Jumapili na viatu vya kung'aa, wakasimama, wakasali, wakaondoka. Aliyebaki naye alikuwa mke wa mwanawe, mwanamke wa makamo aliyelala kwenye veranda, akipika, akifua, akileta chakula. Na huyo hakuweza kumwogesha. Kwetu mwanamke hamgusi baba mkwe wake. Chakula alikifikisha mlangoni, akapiga magoti (yeye sista alishachoka kumwambia), na jirani wa kitanda, fundi baiskeli mwenye mkono uliovunjika, akakipokea kwa mkono mzima na kumpa mzee. Mpango ulikamilika. Kila mtu alikuwa na heshima yake na mzee alikuwa ananuka.

Nikapanga vifaa kwenye toroli: beseni mbili, sabuni, vitambaa, taulo, shuka safi, glovu. Nikavihesabu. Nikavihesabu tena. Mkufunzi akabonyeza kalamu.

"Unauza?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi anza."

Nikavuta pazia. Mke wa mwana alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha, anamenya ndizi za mchana, na dirisha lilikuwa wazi. Fundi baiskeli alikuwa upande wa pili wa pazia, yaani alikuwa nasi. Nikakumbuka sanamu na sikio lake. Safari hii, nilijiambia, nitajitambulisha mpaka mkufunzi aombe nipumzike.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Nikamtajia jina langu. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza, nimekuja kumsaidia kuoga kama ataridhia. Mkufunzi akatikisa kichwa, vizuri.

"Wa wapi?" aliuliza mzee.

"Nyaishozi."

"Nyaishozi ya nani?"

Nikamtaja baba. Nikamtaja na babu, kwa kuwa hatua ya kujitambulisha ilikuwa na alama nyingi na sikutaka kuacha hata moja mezani. Mzee akafikiri.

"Muziro wenu ni nini?"

Kila ukoo kwetu una kitu usichokula, mnyama au samaki au hata maharage ya namna fulani. Huo ndio muziro, na ukiutaja umetaja ukoo wako wote, walio hai na waliozikwa. Mtu mwenye akili angesema kwamba maji yanapoa. Mimi nilikuwa nimeshafelishwa kwa kunyamaza.

"Pongo," nikasema kwa sauti ya kutosha. "Sisi hatuli pongo."

Mzee akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Basi haiwezekani."

"Kwa nini, babu?"

"Usiniite babu. Wewe ni mukamwana wangu."

Mukamwana ni mke wa mwana. Kabla sijauliza nimeolewa lini, sauti ikatoka chini ya dirisha.

"Eh, kumbe wewe ni wa kwetu? Na mimi ni wa pongo. Karibu, mdogo wangu."

"Asante, dada," nilisema, maana ningesema nini?

Hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Mwanawe kaoa mwanamke wa ukoo wangu. Wanawake wa ukoo mmoja ni dada. Dada wa mukamwana ni mukamwana. Kwa kujitambulisha vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo kile, nilikuwa nimejiweka mahali ambapo siruhusiwi hata kumpa yule mzee kikombe mkononi.

"Endelea na hatua inayofuata," alisema mkufunzi.

"Mwalimu, mgonjwa amekataa. Mimi ni mke wa mwanawe."

Kalamu ikabonyezwa. "Uliolewa bila kutoa taarifa chuoni?"

Fundi baiskeli akacheka nyuma ya pazia. Nikamweleza mkufunzi habari ya koo kwa kifupi. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Mweleze mgonjwa umuhimu," alisema.

Nikamweleza mzee umuhimu. Kuoga huondoa uchafu, husaidia damu kuzunguka, humpa mgonjwa faraja, na humwezesha muuguzi kuikagua ngozi.

"Faida za kuoga nazijua," alisema mzee. "Nimeoga kabla mama yako hajazaliwa. Niletee mvulana."

"Wavulana wote wako wodi nyingine leo," alisema mkufunzi. Akanigeukia, akashusha sauti, na nadhani hakufurahia kulisema. "Bila ridhaa siwezi kukuruhusu uendelee. Na usipoendelea, unajua."

Nilijua. Niliuona mwavuli ukifunguliwa.

Sasa, mnunuzi anaposema amemaliza na kugeuza mgongo, mjinga humwita kwa nguvu. Mwenye akili humuuliza habari nyingine akiwa bado anasikia. Nikaweka kitambaa chini.

"Samahani, mzee. Na nyie muziro wenu ni nini?"

"Kamongo."

"Kamongo?"

"Kamongo. Samaki wa matopeni. Hatumli, hatumgusi."

Nikamshukuru Mungu kimyakimya kwa kila mkungu aliowahi kubeba mama yangu. "Mama yangu mzazi ni wa kamongo. Amezaliwa Rugu."

Nje, kisu cha kumenyea ndizi kikanyamaza.

"Rugu ipi?" aliuliza mzee. Nikamtajia kilima, nikamtajia babu mzaa mama. Hakuwajua, ila hilo si neno, ukoo hauhitaji mjuane. "Mama yako ni wa kamongo," alisema polepole. "Kwa hiyo mama yako ni binti yangu."

"Na mimi ni mjukuu wako."

"Kwa mama, mjukuu. Kwa baba, mukamwana. Mtoto ni wa baba."

"Baba hajaniozesha kwako, mzee. Aliyeolewa ni dada huyo hapo nje. Mimi mwanao hata sura simjui."

"Ukoo ni mmoja."

"Basi tupime. Upande wa baba nakuwa mkwe kwa kupitia dada niliyemfahamu sasa hivi. Upande wa mama ni damu."

"Damu inazidi," alisema fundi baiskeli.

"Wewe nani kakuuliza?"

"Mimi ndiye napokea sahani zako, mzee wangu. Nina haki ya kusema neno. Damu inazidi, na hali ya hewa huku si nzuri."

"Baba," ikaja sauti ya dirishani, ya heshima na uchovu, kwa neno letu la kubembeleza, "nakuomba waitu, tafuteni undugu wowote. Maji yanapoa."

Mzee akatazama dari muda mrefu. Mkufunzi akatazama saa. Niliona uso wa mzee ukilegea mahali fulani karibu na mdomo, na nikaujua ule mlegeo, ni wa mtu anayetaka kuuza ila hataki kuonekana kwamba anataka.

"Uso nanawa mwenyewe," alisema.

"Sawa, babu."

"Na huko kwingine najiosha mwenyewe."

Hilo tulishafundishwa: mgonjwa mwenye mikono mizima huachiwa sehemu zake za siri. Nilikuwa ninampa kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Lakini nilivuta pumzi, nikakunja uso, nikamtazama mkufunzi kana kwamba naomba ruhusa ya jambo kubwa.

"Umenibana sana, babu. Haya, nakubali."

"Na huyo mwenye kalamu ageuke."

"Nikigeuka nitamsahihishaje?" aliuliza mkufunzi.

"Hayo ni yako."

Tukakubaliana asimame miguuni, ambapo ataiona mikono yangu na mzee hataona kalamu. Nikabadilisha maji, kwa sababu yale ya kwanza yalikuwa yamepoa kwenye kesi ile ya koo, nikaanza.

Dakika ile ile aliyokubali kuwa babu yangu, mzee alibadilika. Mukamwana huheshimiwa na kukwepwa, lakini mjukuu wa kike ni mtu wa kutaniwa, na alikuwa na utani wa muda wote aliolala pale bila wa kumtania.

"Taratibu, mke wangu. Hilo ni kwapa, si sufuria."

"Ningejua mume wangu ana kwapa la namna hii ningekaa kwetu."

Kalamu ilibonyezwa miguuni. Nikageuka. Mkufunzi alikuwa anaficha kicheko nyuma ya karatasi zake, kumbe hata Iringa babu huwaoa wajukuu wake kwa mdomo.

Nikaosha mikono, kifua, mguu mzima, vidole vya ule wa plasta. Nikampa kitambaa na kugeuka ajimalizie alichokishindania. Ukabaki mgongo. Kumgeuza mtu mwenye plasta hadi pajani si kazi ya mtu mmoja, na msaidizi aliyekuwepo ni mkufunzi. Akavaa glovu, akaja upande wa pili.

"Na wewe ukoo gani?" aliuliza mzee.

Muhula mzima mtu yule alikuwa akituuliza maswali, sikuwahi kumwona akitafuta jibu.

"Mimi natoka Iringa."

"Hicho ni kituo cha basi. Nimeuliza ukoo."

"Huyo hatuna undugu naye, mzee," alisema fundi baiskeli. "Ashike tu."

Tukamgeuza. Alitoa sauti ndogo, si ya utani, na akashika chuma cha kitanda kwa nguvu. Nikainua shati.

Chini ya kiuno, pale mfupa unapokaribia ngozi, kulikuwa na sehemu nyekundu iliyoiva, ukubwa wa kiganja, na katikati yake ngozi ilikuwa imefunguka. Shuka lilikuwa limeshikana nayo. Huwezi kuijua kwa kumtazama mtu usoni. Aliyefua mashuka yake hakuruhusiwa kumgeuza, walioruhusiwa kumgeuza hawakuwepo, na wauguzi walijua kwamba ndugu wapo.

Nilisahau kwamba nasahihishwa. "Mwalimu, njoo uone hapa."

"Nini?" aliuliza mzee. "Kuna nini huko?"

"Kidonda, babu. Cha kulalia. Kinauma?"

"Nilidhani ni godoro," alisema.

Mkufunzi aliinama akatazama, na hakubonyeza kitu. Alimwita sista. Sista akaja, akatazama, akamwuliza mzee kwa nini hakusema. Mzee akauliza angemwambia nani. Hilo halikuwa swali la chuo. Kidonda kikasafishwa, kikafungwa, mto ukawekwa ubavuni ili asikilalie tena. Mimi nikatandika shuka. Pembe zilikaa ovyo.

Nje kwenye veranda mkufunzi alisimama akiandika. Mukamwana wa kweli alikuwa ameacha ndizi zake na kusimama mbali kidogo, kama watu wanavyosimama mahakamani.

"Umezidisha muda," alisema mkufunzi. "Sana. Umejitambulisha kwa muda mrefu kuliko ulivyoogesha. Maji ya kwanza yalipoa. Ulimwita mgonjwa mume wako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ila ridhaa ulipata. Na ngozi umeikagua." Akabonyeza kalamu, akaifunga, akaitia mfukoni. "Umepita. Siku nyingine usimtajie mgonjwa ukoo."

"Na akiniuliza?"

Alifikiri. Nilimwona kabisa akifikiri.

"Akikuuliza, utaje wa mama kwanza."

Nikampigia shangazi. Aliuliza kama safari hii ni mtu. Nikasema ni mtu, tena ndugu. Akasema vizuri, mwavuli atampa mwingine, akakata simu kabla sijalia, kwa sababu kulia kwenye simu anakuona ni kuchezea salio.

Furaha yangu ilidumu hadi jioni, sista alipobandika zamu. Mzee wa dirishani angegeuzwa na kuoshwa mgongo kila siku hadi kidonda kifunge, na kwa kuwa amekataa katakata mwanafunzi mwingine yeyote, jina lililoandikwa mbele ya kazi hiyo lilikuwa langu. Wenzangu walinipongeza kwa moyo mmoja. Hakuna aliyedai naye ni wa kamongo.

Asubuhi nilichukua toroli, nikavuta pazia, nikaandaa maneno ya kubembeleza, maana nilijua bei ya jana si bei ya leo. Mzee alikuwa ameshageuka kadiri plasta ilivyomruhusu. Ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, shati amelipandisha mwenyewe, mgongo umenielekea.

"Umechelewa," aliuambia ukuta. "Na maji ya jana hayakuwa ya moto."